Ngoma niliyoicheza India imenifuata hadi Mbeya

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 27, mfamasia, naishi Mbeya. Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta, kwa sababu kila nikiisoma naona ni shida ya mtu asiye na shida. Lakini tangu Pasaka sijalala vizuri, basi acha niandike.

Nilisoma India miaka minne, mji wa Vadodara, jimbo la Gujarat. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Chakula, joto, kukodolewa macho barabarani. Nilikuwa nahesabu siku kama mfungwa. Ilipofika Septemba hosteli ikabadilika. Jioni wasichana wakirudi wanatupa mabegi, wanasukuma vitanda ukutani, wanajipanga duara na kuanza kuzunguka huku wanapiga makofi. Mwenzangu wa chumbani akanivuta mkono. "Makofi matatu," akaniambia, "la tatu unageuka." Nikageuka upande wangu, duara zima likageuka upande wao, nikamgonga binti wa watu pua. Walicheka, na mimi nikacheka, na nadhani ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka kwa sauti tangu nishuke kwenye ndege.

Ngoma hiyo inaitwa garba. Wanaicheza wakati wa Navaratri, sikukuu ya Wahindu ya usiku tisa mfululizo, kwa heshima ya mungu wao wa kike. Katikati ya duara huwekwa chungu cha udongo chenye matundu, ndani yake inawaka taa, au huwekwa picha ya huyo mungu. Watu wanazunguka hapo hadi usiku wa manane, wengi miguu peku. Mwaka wa pili nilikuwa sigongi mtu tena. Mwaka wa tatu niliazimwa sketi yao yenye vioo vidogo vidogo, nzito mpaka kiuno kinauma kesho yake, na mtu mmoja akanirekodi nikizunguka.

Si kila mahali nilikaribishwa. Uwanja mmoja walinzi walituuliza majina na dini mlangoni, wenzangu wakaambiwa wapite, mimi nikarudishwa. Mwenzangu wa chumbani naye akatoka. Tukacheza wawili kwenye maegesho ya pikipiki, muziki tukiusikia juu ya ukuta.

Kabla ya kucheza huwa kuna maombi, wanaita aarti. Taa inazungushwa mbele ya picha, watu wanaimba wameunganisha viganja. Mimi nilikuwa nasimama nyuma, mikono chini. Mwaka wa tatu niliunganisha viganja kama wenzangu. Hakuna aliyenilazimisha.

Sasa nimerudi nyumbani, nafanya kazi duka la dawa Uhindini. Shangazi, nimekulia Mbeya, Uhindini nimepita tangu mtoto nikienda sokoni, kwangu lilikuwa jina tu la mtaa kama Sisimba au Soweto. Jirani na duka letu kuna mama mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa hapa hapa, Kinyakyusa anakijua kuliko mimi, mteja akilipa anamwambia "ndaga", yaani asante. Siku moja mvua imetukusanya barazani nikamsalimia kwa Kigujarati, "Kem cho?" Akanitazama. "Majama," akajibu taratibu, halafu akaniuliza nimejifunzia wapi. Nilipomwambia Vadodara, akaweka mkasi chini, akapiga makofi mawili, akasubiri. Nikapiga la tatu na kugeuka. Alitokwa machozi. Wazee wake walitoka Gujarat, yeye hajawahi kufika. Tangu hapo ananiita mwanawe, na amenialika Navaratri ya mwaka huu, Oktoba, wanakusanyika familia chache tu. Anasema wasichana wao wengi wameolewa Dar na Nairobi, duara limekuwa dogo.

Upande wa pili kuna kwaya. Naimba sauti ya kwanza kanisani kwetu, sisi ni Wamoraviani. Mwalimu wa kwaya aliiona ile video kwenye simu yangu, akaipenda mno. Tunajiandaa kurekodi, anataka niwafundishe wenzangu zile hatua tuziweke kwenye pambio moja la sifa. Nilimwambia ni staili ya Kihindi, basi. Kitambaa cha sare kimeshanunuliwa, tena nilimpeleka dukani kwa yule mama.

Na kuna baba. Ni mzee wa kanisa, mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache. Zamani alifanya kazi Mpika, Zambia, na hata leo redio ikipiga nyimbo za zamani za huko anainua bega moja kwa namna yake, mama anacheka. Hajui habari za video. Lakini Pasaka shangazi yangu wa Tukuyu aliiona kwa binti yake, akanivuta jikoni: "Unacheza mbele ya sanamu, na baba yako anagawa Meza ya Bwana?" Kisha akamalizia kwa lile lililoniuma zaidi: "Ling'oma ya kwenu unaijua?" Ngoma hiyo ya Kinyakyusa siijui.

Je, niende kwa mama huyu Oktoba? Niifundishe kwaya? Nimwambie baba, au nisubiri asikie kwa wengine?

Ni mimi,
Wa Makofi Matatu, Mbeya

---

Marahaba mwanangu wa Makofi Matatu,

Barua yako nimeisoma jioni, nikairudia asubuhi. Shida ya mtu asiye na shida haiwi na pua ya binti wa watu, chungu, kitambaa cha sare na shangazi wa Tukuyu ndani yake. Ulifanya vizuri kutoifuta mara ya nne.

Umeniuliza maswali matatu. Mimi nimehesabu manne, na la nne umelitia katikati ya barua kama mtu anayeficha noti ndani ya Biblia: vile viganja. Ungekuwa unahangaika na hatua za ngoma peke yake, usingeniambia kwamba mwaka wa kwanza na wa pili mikono ilikuwa chini na wa tatu haikuwa. Nadhani hilo ndilo linalokuamsha usiku, na shangazi yako wa Tukuyu amelikanyaga bila kujua.

Sitakuambia kwamba uliabudu, wala sitakuambia kwamba hukuabudu. Sikuwepo, na hata ningekuwepo nisingeona kilichokuwa ndani. Lakini naomba uchunguze majibu mawili ya haraka yanayokuja kirahisi. La kwanza ni "moyo wangu ulikuwa kwa Yesu, mikono haina maana". Ni jibu la faraja, ila fikiria wale waliokuwa pembeni yako. Kwao mikono ina maana, ndiyo maana waliiunganisha. Ukisema haikuwa kitu, umewafariji wazee wa kanisa kwa kuwapunguzia wenyeji wako. La pili ni "nilianguka, nimeabudu sanamu, yote ni uchafu". Hili nalo linatupa mengi: linamtupa yule binti aliyetoka uwanjani kwa ajili yako akacheza kwenye maegesho ya pikipiki. Katikati ya hayo mawili kuna nafasi pana. Pengine uliunganisha viganja kama mtu anavyovua viatu mlangoni pa wenyeji. Pengine ulichoka kuwa mtu wa nyuma. Pengine kweli kuna kitu kilikugusa na hujui ukiite nini. Kama yupo mchungaji unayemwamini, wa usharika wenu au wa mwingine, mwambie kama ulivyoniambia mimi, bila kujipangia hukumu kabla. Hatari ipo: wapo wachungaji ambao wakisikia neno "sanamu" hawasikilizi tena sentensi inayofuata. Wewe unawafahamu, chagua.

Kuhusu ngoma yenyewe, tuiangalie vizuri, maana ndugu zako wanazungumzia kitu wasichokijua na wewe umekijua nusu. Neno garba limetokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi. Kile chungu ni tumbo, ile taa ni uhai uliomo ndani. Hivyo mzunguko una maana kwa wenye imani, si pambo la sherehe. Desemba 2023, kwenye mkutano uliofanyika Kasane, Botswana, UNESCO iliiweka garba ya Gujarat katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kuna watakaokuambia, "Unaona, ni utamaduni tu." Mimi sioni hivyo, orodha ile haikuzima taa ndani ya chungu.

Lakini pia jambo si jepesi kama anavyoliona shangazi yako. Hapa kwetu tunasema "Wahindi" kama vile wote ni mtu mmoja. Wengi wa waliokuja Tanganyika asili yao ni Gujarat na Kachchh, wakiwemo Wahindu na Waislamu. Waismailia, ambao ni Waislamu, nao hucheza garba na ile ya fimbo, dandiya, kwenye sherehe zao, na hawana mungu wa kike katikati. Makofi ni yaleyale, kugeuka ni kulekule. Ngoma ile ile, mahali pengine ni ibada, mahali pengine ni furaha ya harusi au ya sikukuu ya jamaa. Basi swali la kumuuliza yule mama si "garba ni nini?" bali "kwenu, usiku ule, ninyi familia chache, mnafanya nini?" Huenda kuna aarti ndefu na kucheza ni sehemu yake. Huenda aarti inakwisha na baadaye watu wanakula na kucheza. Inawezekana kufika baada ya maombi, au kukaa kwenye kiti na mikono mapajani, au kucheza bila kushiriki kingine chochote. Inawezekana pia akuambie kwamba kwao vitu hivyo havitenganishwi. Umedhani anakualika sherehe. Naye amedhani umeshajua anakualika nini. Muulizane mapema, siyo usiku wenyewe mlangoni huku umeshavaa.

Nikupe kisa changu kidogo. Nimekulia Manda, Ludewa, kando ya Ziwa Nyasa. Wajomba zangu walikuwa wachezaji wa mganda. Kaptula nyeupe zilizopigwa pasi ya mkaa mpaka zinasimama zenyewe, soksi ndefu hadi magotini, mistari iliyonyooka, hatua za askari. Mtoto mimi niliamini hiyo ndiyo ngoma ya mababu tangu dunia kuumbwa. Nilipokuwa mkubwa ndipo nikaelewa kwamba mganda na malipenga ya ng'ambo ya ziwa zilizaliwa kutokana na beni, ngoma iliyoanza pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890 kwa kuigiza bendi za kijeshi, kisha askari wakaisambaza bara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Babu zetu waliona gwaride la Mwingereza, wakalichukua, wakalivalisha ngoma kubwa na kejeli kidogo, likawa letu. Nakusimulia hili kwa ajili ya lile neno la shangazi yako kuhusu ling'oma. Limekuuma kwa sababu lina ukweli, na sioni ubaya ukienda Tukuyu au Kyela kumtafuta anayeijua. Ila usiende ili upate ruhusa ya kuipenda ngoma nyingine. Kujua moja hakulipi deni la nyingine. Wahenga walituambia mcheza kwao hutunzwa. Kuhusu mcheza ugenini walinyamaza, na nadhani ni kwa sababu mambo yake ni mengi.

Sasa kwaya. Hapa nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Ulimwambia mwalimu wako "ni staili ya Kihindi, basi". Hiyo "basi" ndiyo inayonitia wasiwasi. Yeye ameona miguu, hajaona chungu. Anataka kuweka mbele ya madhabahu, na baadaye kwenye simu za watu wote, hatua ambazo hajui zilikozunguka. Siku mzee mmoja wa kanisa atakapoelezwa, atakayesimamishwa mbele ya baraza ni mwalimu, na atasema kweli kwamba hakuambiwa. Upande wa pili yuko mama wa vitambaa, aliyewakatia sare kwa mkasi ule ule aliouweka chini siku ya mvua. Ataona duara lake linamsifu Mungu mwingine. Labda atafurahi. Labda ataumia na atatabasamu kwa sababu ninyi ni wateja. Wewe uliyerudishwa getini kwa sababu ya dini yako unajua kidogo jinsi mtu anavyoweza kuambiwa kwamba ngoma hii si yake. Hebu fikiria kuambiwa kwamba ni ya kila mtu.

Siwezi kusema kwaya isifundishwe kabisa. Makanisa yetu ya Nyanda za Juu yamepita njia ndefu kwa jambo hili. Wamoraviani waliofungua kituo Rungwe mwaka 1891 hawakuja na ngoma. Leo pambio lisilo na ngoma linaonekana limepooza. Kwa hiyo vitu vinaingia, na pengine makofi matatu nayo yataingia. Unaweza kumweleza mwalimu habari nzima kisha umwache aamue akijua. Unaweza kumuuliza mama kwanza. Unaweza kuwafundisha makofi na mzunguko bila sketi wala taa, mkasema wazi yametoka wapi. Unaweza kukataa na kumpa mwalimu sababu halisi, naye akakasirika kwa sababu muda wa kurekodi umekaribia. Kila moja ina gharama yake. Ninachokuona ukikifanya sasa ndicho ghali kuliko vyote: mwalimu ana robo ya habari, mama ana robo, shangazi wa Tukuyu ana robo, na baba hana kitu. Kila mmoja anakupenda au anakulaumu kwa kipande alichonacho, na wewe peke yako ndiye unayebeba picha nzima. Mtu hawezi kulala hapo.

Nimebakisha baba. Umeandika "mtu wa maneno machache", ukaendelea kana kwamba maneno machache maana yake ni hasira nyingi. Unamjua, mimi simjui. Inawezekana ataona aibu mbele ya wazee wenzake, na aibu ya mzee wa kanisa si jambo la kucheka; kuna familia zimekaa miaka hazisemezani kwa madogo kuliko hili. Kama unaishi kwake, fikiria pia siku utakayomwambia na mtakavyokaa nyumba moja wiki itakayofuata. Huenda mama yako ndiye wa kuanza naye. Huenda ukaamua kusubiri, lakini shangazi yako ameshaiona video, na video haisubiri mtu.

Ila kuna sentensi uliyoiandika kwa kupita tu, nami nimekwama hapo. Baba yako alifanya kazi Mpika. Redio ikipiga nyimbo za Zambia anainua bega moja. Mwanangu, lile bega hakuzaliwa nalo Mbeya. Kuna mtu alimfundisha, mahali fulani, jioni fulani baada ya kazi, naye alikuwa kijana wa mbali na kwao anayekula nshima, ugali wa watu. Hujawahi kumuuliza, au kama uliwahi hukuniandikia. Sisemi kwamba bega na aarti ni kitu kimoja; yeye mwenyewe anaweza kukuambia si kimoja, na atakuwa na hoja. Nasema tu kwamba kabla hujaenda kwake kama mshtakiwa, unaweza kwenda kama mtu aliyesafiri kwa mtu aliyesafiri. Jioni, redio ikiwa imewashwa, muulize alijifunzia kwa nani. Mwache amalize. Kama atanyamaza, mwache anyamaze, uulize tena siku nyingine. Utajua mwenyewe kama ni wakati wa kutoa simu mfukoni au si wakati.

Oktoba bado iko mbali kidogo. Niandikie tena kabla haijafika, hata kama hujaamua lolote, na usisahau kuniambia habari za lile bega.

Shangazi yako